Huduma Yenu ya Kuficha Namba Inachakaa Haraka

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Simu.
(Tafadhali asifungue mtu mwingine.)

Ndugu Meneja,

YAH: KUCHAKAA KWA HUDUMA YA KUFICHA NAMBA, NA MWENENDO WA AFISA WENU MMOJA

Natumaini barua hii inakukuta salama ofisini kwako. Mimi mzima, isipokuwa goti. Ni mteja wenu wa siku nyingi, na kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Kazi yangu ilikuwa kuingia dukani, kuweka jiwe langu la kilo kwenye mizani ya mwenye duka, na kumweleza mbele ya wateja wake kwamba anawapunja. Naeleza haya ili ujue kuwa anayekuandikia si mtu wa kuokota maneno barabarani. Mimi hupima kwanza ndipo nikasema. Majirani huniita Bwana Gramu na wanadhani naumia. Siumii.

Kwa miaka mingi nilikuwa na simu ya vitufe. Nikimpigia ndugu, simu inaita mpaka inakata yenyewe. Nikimkuta ndugu huyo ana kwa ana, anailaumu kampuni yenu. Mara mtandao ulikuwa chini, mara simu ilikuwa chaji, mara ilikuwa mfukoni mwa koti na koti lilikuwa kwa dobi. Mimi niliwaamini, maana damu nzito kuliko maji, nikawa nawalaani ninyi kwa sauti kila ninapopata watu wa kunisikiliza. Wengi walinisikiliza kwa kinyozi, kwa sababu mtu aliyenyolewa nusu hawezi kuondoka.

Mwaka huu simu ile ilikata roho, nikanunua simu janja, na kwa kuwa laini ya zamani haikuingia, nikapewa laini mpya na namba mpya. Siku hiyohiyo nilikwenda kunyoa. Kinyozi akaniambia, “Mzee, kama hawapokei, wewe ficha namba tu. Ingia kwenye mipangilio, teremka chini, utaona pa kuficha, washa.” Povu lilikuwa limenifika masikioni na miwani yangu ilikuwa kwenye rafu kando ya brashi, lakini mkaguzi hashindwi na kitufe. Nikaingia, nikateremka, nikabonyeza. Simu ambayo tangu asubuhi ilikuwa ikilia tiki-tiki kila ninapoigusa, ikanyamaza kimya. Nikajua tayari, imejificha. Nilitaka kuhakikisha kwa simu ya mke wangu, lakini kioo chake kilipasuka zamani, hakioneshi kitu ila mwanga.

Baada ya kuitumia huduma hiyo kwa makini, nayaleta mbele yako malalamiko yafuatayo.

1. Huduma ilifanya kazi kupita kiasi.

Mtu wa kwanza kumpigia alikuwa mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja, ambaye ni dalali wa nyumba. Miaka yote mimi nikimpata hewani hunijibu neno moja tu: “Sema.” Siku hiyo alipokea kabla simu haijaita vizuri. “Naam mkuu wangu! Karibu sana! Unahitaji vyumba vingapi, bosi?” Nilitazama nyuma yangu kuona mkuu ni nani. Nikampigia mpwa wangu wa kike, anayekaa mapokezi kwenye ofisi ya mawakili. Alinipa shikamoo ndefu, akaniomba radhi kwa kunichelewesha, na hakuwa amenichelewesha. Mtoto huyu nilimshika mkono siku alipoanza kutembea, na shikamoo yake ya mwisho kwangu ilikuwa kabla hajaota jino la pili.

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Nimepima, Ndugu Meneja, na nimeona wahenga walipunja. Wasionijua ndio pekee wanaonithamini. Wenye kunijua wana shughuli nyingi.

Kutokana na ushahidi huu, ni wazi kwamba mtandao wenu haukuwa chini hata siku moja, na kwamba ukoo wangu mzima umekuwa ukiisingizia kampuni yenu. Nashangaa hamjawafungulia mashtaka. Mimi niko tayari kusimama shahidi, na orodha ya majina nitawapa kwa mdomo.

2. Mtandao hukata pale ninapojitambulisha.

Hili ni la kiufundi na nakuomba uwaite mafundi walisome pamoja nawe. Nikiwa sijasema mimi ni nani, sauti hupita safi. Nikisema tu, “Ni mimi, kaka yako,” mtandao unaanza kusumbua. Mdogo wangu aliniambia, “Halo? Halo? Kaka, sikusikii, unakatika-katika.” Wakati huohuo nilimsikia akikoroga chai. Kijiko kiligonga kikombe vizuri kabisa, na baadaye akakilamba. Mtandao unaopitisha sauti ya kijiko unashindwaje kupitisha sauti ya kaka mkubwa?

Kwa mpwa wangu ilikuwa vilevile. Nilipomtajia jina lake la utotoni akaniambia wanaingia kwenye kikao, nami nikasikia mwenzake akimuuliza kikao gani. Nimefikiri sana, na ninachoweza kusema ni kwamba kuna hitilafu mahali fulani inayoyachuja maneno ya undugu. Mwizi wa mizani naye huanza hivyohivyo, anapunguza palipo na thamani.

3. Huduma inachakaa ikitumika mara moja.

Hapa ndipo kwenye kiini cha barua hii, maana aliyetangaza bidhaa na awajibike nayo. Kwa kila mtu niliyempigia, namba ilijificha mara ya kwanza tu. Mara ya pili inaita mpaka inachoka. Mara ya tatu inaita kidogo halafu inakatwa, dalili kwamba huduma imeisha kabisa na namba yangu imeanza kuonekana. Sabuni ya kipande hudumu kuliko hivi.

Kinyozi mwenyewe aliyenifundisha nilimpigia kumshukuru. Siku ya kwanza alipokea, tukazungumza vizuri mpaka nilipofikia suala la mkasi wake usio na makali. Siku ya pili nilikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la viatu, namwona kwa macho yangu mawili, nikampigia kusudi. Aliitoa simu mfukoni, akaitazama, akaguna, akailaza kifudifudi juu ya meza, akaendelea kunyoa. Nilivuka barabara kumuuliza aliona nini kwenye kioo. Akasema mtandao. Ninyi tena, Ndugu Meneja. Mnasingiziwa hata na watu mnaowapa mkate.

4. Kuhusu mteja wenu mmoja, ambaye ni binti yangu.

Hapa naomba usome taratibu na usimpe karani.

Nina mtoto mmoja tu, wa kike. Anaishi mji mwingine na mumewe na binti yao mdogo, mjukuu wangu, ambaye sijamtia machoni. Mume wake ana mashine za kutotolea vifaranga. Siku wakwe walipokuja kwangu kufahamiana, watu wameshiba, wamelegea kwenye viti, mjomba mmoja wa upande wetu aliuliza kijana wao anafanya kazi gani. Kabla hajafungua mdomo nilimsaidia kujibu. Nilisema kazi yake ni kuatamia. Sebule nzima ilicheka, wakwe wakapiga mapaja, hata aliyekuwa akisinzia aliamka akacheka bila kujua anacheka nini. Binti yangu hakucheka. Alianza kukusanya vikombe ambavyo vilikuwa bado vina chai. Sikumtukana mtu. Nilipima, nikasema.

Tangu siku hiyo binti yangu hajanipigia hata kubipu. Nami sikumpigia, kwa sababu mzazi hampigii mtoto kumbembeleza apigiwe. Wakizungumza na mama yake, mlango wa jikoni unafungwa. Mama yake akitoka huniambia, “Wanakusalimu,” nami najua uzito wa salamu ile ni wa kuongezewa njiani. Nimewahi kukamata wauza sukari kwa kosa dogo kuliko hilo.

Sasa nikuambie kitu, maana hunijui. Nilimkumbuka sana mtoto wangu. Nilifika mahali nikipita sokoni nikasikia vifaranga wakilia ndani ya boksi, nasimama.

Basi Jumapili moja mke wangu alipokwenda kwa jirani, nikampigia kwa namba iliyofichwa. Akapokea. “Halo?” Sauti ni ileile, ila imekuwa ya mama wa mtu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri na yote yakanitoka. Nikakunja sauti puani, nikasema neno la kwanza lililonijia: kwamba mimi ni Afisa Utafiti wa kampuni yake ya simu, tunapima kuridhika kwa wateja, kama ana nafasi ya maswali machache.

Nikasikia akivuta kiti. Halafu akasema, “Karibu, Afisa. Uliza tu.”

Nikamuuliza mtandao upoje kwake, tangu moja hadi tano. Akasema tatu. Nikamuuliza kama kuta za nyumba ni nene, zinazuia mawimbi, na hivyo nikajua wana vyumba viwili na uani, na kwamba mashine ziko chumba cha nyuma, na mlango wake unafunguliwa kwa bega. Nikamuuliza kama kuna mtoto anayechezea simu. Nikajua mjukuu wangu ameota meno ya mbele na anapenda kukaa chini ya meza na kukataa kutoka. Nikamuuliza umeme ukikatika wanachajije. Akanieleza umeme ulivyowahi kukatika mayai yakiwa karibu kuanguliwa. Walifunika trei kwa kila blanketi lililomo ndani ya nyumba, na mapazia, na gauni lake la harusi, wao wenyewe wakalala wakitetemeka, na vifaranga wakatoka. Nilitaka kumwambia amefanya vizuri. Lakini afisa hawezi kumwambia mteja hivyo, basi nikasema, “Tumepokea.”

Nimekuwa nikimpigia kila Jumapili. Na hapa ndipo mafundi wako watakapokuna kichwa: kwake yeye huduma haijachakaa hata chembe. Anapokea kila mara, na anapokea upesi. Nadhani mnara wa kule ni mpya. Nakuomba uchunguze wameweka kitu gani ambacho huku hamkuweka.

Ni mteja mwema kupita kawaida, na mngekuwa na kumi kama yeye mngekuwa mbali. Siku moja nilikohoa katikati ya swali. Akaniambia ninywe dawa ya kifua mpaka iishe, nisiiache nusu chupa nikijiona nimepona, kama ilivyo desturi ya wazee. Nilimwahidi kwa niaba ya kampuni.

Kuna jibu lake moja tu ambalo sikulielewa. Nilimuuliza kama ana malalamiko yoyote kuhusu baba yake mzazi. Nikamsikia mtoto akigonga kitu chini ya meza. Kisha akasema, “Baba namba yangu anayo.” Nilimuuliza swali la kuridhika, yeye akanijibu mambo ya namba. Nikaliacha hivyo.

5. Mwenendo wa Afisa wenu.

Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Huyu Afisa Utafiti amezoea nyumba ya watu.

Kwanza ana sauti ya upole ambayo sijui aliipata wapi. Anamsubiri mtu amalize kusema. Mimi nyumbani kwangu sijawahi kumsubiri mtu amalize, na watu wakaishi. Binti yangu anamhadithia yeye mambo ambayo baba yake mzazi, niliyemsomesha na kumpeleka hospitali mgongoni, sijapata kuhadithiwa. Neno la kwanza la mjukuu wangu lilikuwa “mayai”. Nani alikuwa wa kwanza kuambiwa? Afisa.

Pili, anavuka mipaka ya kazi. Jumapili iliyopita aliomba mkwe wangu apewe ujumbe, kwamba kutotoa vifaranga ni kazi ya watu makini, inayotaka joto lililopimwa sawasawa mchana na usiku, na kwamba wako wakaguzi wengi wa vipimo wasioiweza. Maneno hayo mimi sikumtuma. Binti yangu alishukuru kwa sauti iliyokatika, na safari hii sidhani kama ulikuwa mtandao wenu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemleta mtu huyu mwenyewe, kwa mdomo wangu, na sasa yeye anangojwa Jumapili na mimi sisubiriwi na mtu. Nikikaa baada ya simu nikamfikiria, namwonea wivu mpaka chakula hakipiti. Mke wangu ananiuliza nimekasirishwa na nani. Namwambia, na kampuni ya simu.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, naomba yafanyike haya bila kuchelewa. Mafundi waje waikarabati huduma iache kuchakaa, au sivyo muiite jina lake halisi, kuficha namba mara moja. Mdogo wangu apewe onyo la maandishi kuhusu kile kijiko. Na Afisa Utafiti ahamishwe mara moja, apelekwe mbali, kwa wateja wasio na watoto.

Ila najua binti yangu atamuuliza. Hivyo kabla hajahamishwa, naomba kampuni imwandikie barua rasmi kumjulisha kwamba kuanzia Jumapili ijayo utafiti utaendeshwa na baba yake mzazi, ambaye ana uzoefu wa kutosha na amehakikiwa. Muandike kwamba ni mtu wa kuaminika. Muandike pia kuwa siku hizi anasubiri mtu amalize. Na barua hiyo iwe na muhuri, Ndugu Meneja, maana bila muhuri sioni kwa nini aniamini. Muhuri wangu niliurudisha siku ya kustaafu.

Nisalimie mafundi wanaopanda minara, mlinzi wa getini kwenu, na wale vijana wanaopokea simu za wateja na kutuambia tusubiri. Waambie bado nasubiri. Wasalimie na wote walio nyumbani kwako, na ukiwa na binti, msalimie kwanza yeye.

Ni mimi, mteja wako mwenye vipimo kamili,

Mkaguzi Mstaafu wa Mizani

Tanbihi: Kabla sijaipeleka barua hii posta, niliona si haki kushtaki bila kipimo cha mwisho. Nikaipeleka simu yangu kwa fundi anipimie huduma imechakaa kiasi gani. Aliigeuza-geuza, akaniuliza nani aliniambia namba imefichwa. Kisha akajipigia kwenye simu yake, akanisogezea kioo. Namba yangu ilikuwa pale yote, tangu sifuri ya kwanza, inasomeka kama bango la barabarani. Haijafichwa hata siku moja. Nilichokizima siku ile nina povu masikioni ni mlio wa vitufe. Watu walipokea mara ya kwanza kwa sababu laini ilikuwa mpya na hawakuijua ni ya nani. Walipoijua, waliijua.

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Wote walikuwa wananiona, Ndugu Meneja, mdogo wangu na mpwa wangu na kinyozi, na kila mmoja alikata kwa wakati wake. Naye kila Jumapili alikuwa anaiona namba ileile inaita, anajua ni nani, na anapokea.

Basi malalamiko yote nimeyafuta. Barua naituma kwa sababu stempu nimekwisha kuibandika, na kwa sababu sina mwingine wa kumweleza.

Jumapili hii sikupiga. Ningempigia nikiwa nani? Nilikaa sebuleni, simu nimeiweka mezani, naitazama. Ikaita yenyewe. Jina la binti yangu lilikuwa juu ya kioo, herufi zote. Nilipopokea akauliza Afisa amepatwa na nini leo, maana wamengoja mpaka wamechoka. Nilifungua mdomo na sikupata swali hata moja.

Akasema, “Baba? Baba, upo?”

Nikamwambia nipo.